Mrejesho: yule mfalme kipofu wa Hungary, Béla II

Wakuu habari, ni mimi niliyeuliza Béla II alirithije ufalme wakati mfalme aliyemtangulia, István II, ni mtoto wa Kálmán, yule yule aliyeamuru Béla atobolewe macho. Nimechimba nimepata.

Mimi nilikosea nikadhani Kálmán na Béla ni ndugu wa tumbo moja, kumbe Kálmán ni baba mkubwa wake Béla. Baba yake mzazi ni Álmos, mdogo wake Kálmán, ambaye kila siku alikuwa anautaka ufalme wa kaka yake, sasa Kálmán akachoka akawapofusha wote wawili, baba na mtoto, na mtoto mwenyewe bado mdogo kabisa! Roho mbaya ya nini jamani.

Kálmán akafa 1116, István akatawala ila hakuwa na mtoto, ndo akaambiwa Béla yupo hai kafichwa kwenye monasteri ya Pécsvárad. Akamtoa, akamuoza Ilona, binti wa mtawala wa Serbia. 1131 Béla akavikwa taji, na huyo Ilona si wa mchezo, kwenye mkutano pale Arad aliamuru wauawe waliohusika na macho ya mumewe, kitabu cha kale cha historia yao kinataja 68.

Watoto wao watatu wakawa wafalme, Géza II, László II na István IV. Na ukoo wao wa kifalme, Árpád, hadi unakatika 1301 wafalme wote waliofuata ni damu ya huyo kipofu, wa Kálmán hakuna hata mmoja.