Naombeni ushauri: Challenger Hellcat au BMW M5?

Wakuu habari zenu, naombeni mnisaidie maana kichwa kinauma. Nataka gari moja tu yenye moto wa kweli na nimebaki na mbili, Dodge Challenger SRT Hellcat ile ya 2015 yenye injini ya V8 (silinda nane) ya lita 6.2 na supachaja (pampu inayosukuma hewa zaidi kwenye injini iongeze nguvu), nguvu za farasi (hp) 707, na BMW M5 F90 ya 2018 yenye V8 ya lita 4.4, turbo mbili, hp 600 na inavuta tairi zote nne.

Kwa namba Hellcat inashinda, lakini ule moto wote unaenda nyuma tu, sasa ukikanyaga mafuta kutoka kusimama tairi zinazunguka bure, moshi unatoka na gari haiendi popote, na mvua ikinyesha ndo balaa. M5 inashika lami inaondoka, BMW wanasema 0 hadi 100 km/h ni sekunde 3.4, halafu ina milango minne familia inaingia vizuri, na ukitaka kucheza unaiweka ivute nyuma peke yake.

Ila jamani ule mlio wa supachaja!! Unausikia mpaka kifuani, na mimi hicho kitu nakipenda sana siwezi kudanganya.

Waliowahi kukaa na hizi gari muda mrefu, ipi inakula sana tairi na breki, na M5 ikishazeeka mfumo wa kuvuta tairi nne unasumbua? Na Hellcat ikifungwa tairi za nyuma za mpira laini unaoshika lami inatulia kweli au bado?