Wakuu, hili dude la chuma lilikuwa la kazi gani? Tupeane uzoefu

Mti_Mkavu: Heshima kwenu wakuu. Kuna dude kwenye ghala la zamani huku Lushoto, kila anayepita ana jina lake. Fremu ni ya chuma cha kumimina, miguu minne, kimo cha kiuno. Juu kuna mdomo wa kumiminia, mpana juu, mwembamba chini. Ndani kuna ngoma ya upana wa kama sentimita 30, na juu yake vimechomelewa vipande sita vya nondo vilivyolala kukingama. Mbele ya ngoma limekaa bamba nene lenye mifereji mitatu, linashikwa na bolti mbili ndefu. Ubavuni gurudumu zito lenye mkono wa kuzungushia. Bomba jembamba lenye matundu linapita juu ya mdomo. Kwenye fremu herufi zilizobaki ni "...BURG". Wenye uzoefu tiririkeni.

Gunzi254: Ya kupukuchua mahindi hiyo. Nondo zinapiga, punje zinashuka. Mwingine.

Singa_Ndefu: Mahindi na bomba la maji wapi na wapi? Hiyo ni raspadori, mashine ya kukwangua majani ya mkonge zibaki singa, yaani nyuzi. BURG ni Magdeburg, Ujerumani, kiwanda cha Krupp Grusonwerk kilichotengeneza mashine za mkonge. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, alileta miche ya mkonge 1893, ikapona 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Mashine zikafuata. Tanga yote inajua.

Kwasakwasa: Naunga mkono. Mkonge.

Babu_Kihamba: Kiwanda hicho hicho kilitengeneza na mashine za kahawa, kwa hiyo herufi hazimalizi ubishi. Tazama bamba lenye mifereji. Mkonge unahitaji mifereji ya nini? Hiyo ni ya kumenya kahawa mbivu.

Singa_Ndefu: Babu, kahawa inapigwa na nondo? Utapata uji.

Gunzi254: Huku kwetu Kenya cheri, yaani kahawa mbivu, zinapelekwa kiwanda cha ushirika, hatujaona mkulima akizungusha kitu kama hicho nyumbani.

Babu_Kihamba: Kwenu ndivyo, ila Kilimanjaro mkulima anamenya mwenyewe nyumbani.

Mkono_Mmoja_Tosha: Wanaotaja raspadori hivi hivi, someni kwanza inavyofanya kazi. Ni ngoma yenye visu butu, inazungushwa na injini kwa kasi kubwa mbele ya kizuizi cha chuma. Mlishaji anashika jani upande wa shina na kuingiza ncha. Nusu ya jani inakwanguliwa, nyama na maji vinaruka chini, zinabaki singa. Anavuta. Sasa ageuze aingize upande wa shina, na hapo ndipo balaa. Singa zimelowa, zinateleza, ngoma inavuta kuliko nguvu ya mtu. Ili asinyang'anywe, anazizungushia kiganjani. Jani likinasa, singa zinakaza, mkono unafuata jani. Kupiga kelele injini izimwe hakusaidii. Ngoma nzito haisimami ghafla. Kaskazini-mashariki mwa Brazili, ambako mashine hizi ndogo zimetumika miaka mingi, waliopoteza vidole na viganja ni wengi mno. Na jani halisubiri: likikaa siku mbili tatu linakauka, singa hazitoki safi, ndiyo maana mlishaji anaharakishwa. Na yale maji ya mkonge yanawasha ngozi, mtu anajikuna huku analisha. Kwenye korona, ile mashine kubwa ya mkonge ya kiwandani, mkono hauko karibu na ngoma kabisa: majani yanapangwa kwenye mkanda, yanabanwa, ngoma ya kwanza inakwangua upande mmoja, ya pili upande wa pili.

Kwasakwasa: Duh. Naondoa kura yangu.

Bi_Mchele: Hili la viganja lianzishiwe uzi wake. Na hizo korona zina kinga kwenye mikanda?

Mkono_Mmoja_Tosha: Kinga zipo. Zinafunguliwa wakati wa kusafisha na hazirudishwi.

Singa_Ndefu: Sasa si umethibitisha? Visu butu vimekingama kwenye ngoma. Ndizo nondo zake.

Fundi_Tindo: Hapana mkuu. Visu vya raspadori vinalika, ndiyo maana vinafungwa kwa bolti au ribiti ili vibadilishwe. Hizi zimechomelewa. Kiwanda hakichomelei nondo kwenye chuma cha kumimina, weldi haishiki vizuri. Mti_Mkavu, kuna iliyoachia?

Mti_Mkavu: Mbili zinacheza.

Singa_Ndefu: Na maji? Mkonge unakwanguliwa kwa maji.

Babu_Kihamba: Na kahawa inamenywa kwa maji. Mti_Mkavu, sikiliza. Ngoma ya kahawa huvikwa bati la shaba lenye vinundu. Kahawa inashuka kutoka mdomoni, vinundu vinaibana kwenye lile bamba, ganda linapasuka. Punje zinateleza kwenye mifereji na kutoka mbele, maganda yanaburutwa na ngoma na kutoka nyuma. Zile bolti mbili ndizo roho ya mashine: nafasi ya chini iruhusu ganda, isiruhusu punje. Ukikaza mno, punje zinachanika, na zikichachushwa zinaharibu harufu ya fungu zima. Ukilegeza mno, zinatoka na maganda yake. Bati lile linashikwa kwa misumari midogo kwenye kingo na pale ncha zake mbili zinapokutana. Kwangua kutu pembezoni mwa ngoma uone.

Mti_Mkavu: Nimekwangua. Vishimo vidogo pande zote mbili, vingine vina mabaki ya msumari. Na kuna kitu cha kijani.

Babu_Kihamba: Kutu ya shaba. Bati limekwenda kwa wanunua vyuma chakavu.

Gunzi254: Halafu mtu akachomelea nondo apukuchue mahindi. Nilisema!

Babu_Kihamba: Umepata kazi ya pili. Swali lilikuwa ya kwanza. Na hata hapo ni mashine mbaya ya mahindi, haina tundu la kutolea magunzi, yanasagika na kuchanganyika na punje.

Singa_Ndefu: Pulii ya mkanda wa injini inaweza kuwa iling'olewa…

Fundi_Tindo: Mkono wa kuzungushia umesubiwa pamoja na gurudumu au umeongezwa?

Mti_Mkavu: Ni chuma kimoja.

Kwasakwasa: Basi ilikuwa ya mkono tangu mwanzo. Kura yangu kahawa.

Bi_Mchele: Uza kilo. Shaba yenyewe haipo.

Fundi_Tindo: Asiuze. Akate nondo kwa grainda taratibu, asigonge kwa nyundo, ngoma itapasuka. Beringi zioshwe kwa dizeli, ziwekwe grisi. Bati jipya la shaba linapatikana, kazi ni vinundu: vigongwe kutoka upande wa ndani kabla ya kuvika, na visitoboke. Kinundu kilichotoboka kina makali, kinachana punje.

Kijana_wa_Soni: Yote ipakwe mafuta ya taa, kutu itaisha.

Babu_Kihamba: Wapi! Kahawa inanyonya harufu. Beringi sawa, ila mdomo, bamba na ngoma ni brashi ya waya na maji ya moto.

Kijana_wa_Soni: Maji ya moto yanaleta kutu upya.

Babu_Kihamba: Ikaushwe juani siku hiyo hiyo. Kisha ijaribiwe kwa kahawa mbivu iliyochumwa leo, konzi moja tu, na maji kidogo. Kijani na kavu zitolewe, hazimenyeki. Kila jaribio hesabu zilizochanika, geuza bolti robo mzunguko, rudia. Kushoto na kulia kwa usawa, la sivyo upande mmoja utamenya na mwingine utachana.

Mti_Mkavu: Bolti ya kushoto imegoma kabisa.

Fundi_Tindo: Mafuta ya breki usiku kucha, halafu anza kwa kuikaza kidogo kabla ya kulegeza. Usiongeze bomba kwenye spana, sikio la fremu litavunjika, na sikio la chuma hicho hakuna wa kukuchomelea hapo Lushoto.

Kijana_wa_Soni: Yupo mmoja, karibu na stendi.

Fundi_Tindo: Ndiye aliyechomelea hizo nondo?