Fasihi ya Kiingereza na historia ya sanaa: nisome pamoja au nianze na moja? Naombeni ushauri

njia_panda
Wadau habari zenu. Muda wa kuomba chuo umekaribia na bado sijaamua. Kuna digrii ya pamoja nusu kwa nusu, kuna kusoma fasihi peke yake halafu naongezea kozi za sanaa za hiari, au namaliza fasihi kwanza sanaa naisomea masters. Nazipenda zote mbili kwa dhati, ila naogopa nisije nikatoka najua kidogo huku na kidogo kule.

wino_na_rangi
Mi nimesoma hiyo ya pamoja na ningerudi leo ningeichagua tena. Nikupe mfano mmoja, mchoro wa Ophelia wa Mwingereza Millais, ule wa 1851–52, dada kalala mtoni na maua yake, ndo anakufa maji. Sasa kwenye Hamlet, tamthilia ya Shakespeare alimotoka huyo Ophelia, kifo hicho hakionyeshwi jukwaani kabisa, malkia anakuja tu kukisimulia, kwa hiyo Millais kachora kitu ambacho mtazamaji wa tamthilia anakisikia tu kwa masikio, na ukishaliona hilo unaanza kuuliza kwa nini achague maneno ya malkia na sio tukio lolote lingine, na yale maua kayatoa wapi, mengine yamo kwenye tamthilia mengine hayamo. Swali kama hilo ukiwa na somo moja tu unaliona nusu. Blake, yule mshairi aliyekuwa pia mchoraji, ndo usiseme, 1789 alichonga maneno na picha kwenye bamba moja la shaba, ukimsoma kwenye kitabu cha maandishi matupu kuna kitu kikubwa umekikosa.

Ugumu upo kwenye kuandika. Mwaka wa kwanza niliandika esei ya mchoro kama nasimulia hadithi, mwalimu akaniandikia pembeni "rangi ziko wapi?" Iliniuma lakini alikuwa sahihi. Sanaa unaanza na macho, mwanga unatoka wapi, imechorwa kwa nini, nani aliagiza, nani aliimiliki. Kubadilisha kichwa kila wiki kunachosha jamani.

bibi_maktaba
Mdogo wangu mi nakushauri fasihi peke yake na kozi za hiari. Riwaya za karne ya 19 ni nene, wiki moja riwaya moja, ongeza orodha ya idara nyingine ambayo haijui ya kwanza imekupa kazi gani, esei zinadondokea wiki moja zote. Af kuna jambo watu hawalisemi mapema, ukitaka kwenda mbali kwenye historia ya sanaa utahitaji kusoma lugha nyingine, Kiitaliano au Kifaransa au Kijerumani kutegemea na kipindi unachokipenda. Huo muda tumia kujifunza lugha.

wino_na_rangi
Dada la lugha nakubali kabisa. Ila kozi za hiari mara nyingi wanafunzi wa idara wanapewa nafasi kwanza, wewe wa nje unabaki na kozi za utangulizi tu, na ile kozi ya mbinu za kusoma picha ndo inayokufanya uwe mtu wa sanaa kweli.

jicho_pembeni
Mnabishana kama vile digrii ya pamoja ni kitu kimoja kila mahali. Scotland kwa kawaida ni miaka 4 na miwili ya mwanzo unaonja masomo kadhaa, England ni miaka 3 na unaingia moja kwa moja kwenye ulichoomba, Marekani unaweza kuingia bila kuamua ukaja kutangaza meja mbili, yaani masomo makuu mawili, baadaye. Kwa hiyo hofu yako ya kujua kidogo kidogo inategemea upo wapi.

Mi ningeuliza swali moja tu, tasnifu ya mwaka wa mwisho naruhusiwa kuandika inayogusa pande zote mbili, na msimamizi kutoka kila idara? Wakisema hapana, basi hiyo ni digrii mbili nusu zimefungwa kamba. Kuhusu kazi, makumbusho nyingi nafasi ya msimamizi wa mikusanyo wanataka masters, kwa hiyo njia yoyote kati ya hizo inakufikisha.

njia_panda
Asanteni sana, hilo la tasnifu sikuwahi kuliwaza. Nimeandikia vyuo viwili leo, kimoja kimeshajibu kwamba lazima nichague idara moja. Nasubiri cha pili. Huku nasubiri nianze na nini?

wino_na_rangi
Chagua mchoro mmoja uliotokana na shairi au tamthilia, kaa nao nusu saa bila kusoma chochote kuuhusu, andika unachokiona tu. Kesho yake ndo usome hilo shairi au hiyo tamthilia, kisha urudi kwenye karatasi yako uone umeruka nini.