Howo 371 ya gia 10 au Scania Opticruise: dereva ataizoea ipi haraka?

Nyanda56: Wakuu, wiki ijayo naamua lori la kununua: Howo 371 mpya, gia za mkono, au Scania iliyotumika yenye Opticruise (kompyuta inabadili gia yenyewe). Dereva katoka kwenye Fuso. Kajaribu Scania, anasema ukikanyaga mafuta inachelewa kuitika. Ushauri?

FundiGia: Mkuu, hujasema kitu. Tani ngapi? Njia ipi? Scania ina pedeli mbili au tatu? Za zamani zina klachi ya kuondokea na kusimama tu. Difu (gia za ekseli ya nyuma) uwiano gani?

Nyanda56: Tani 30, Dar–Tunduma. Pedeli mbili. Difu sijaangalia.

TelaTatu: Chukua Howo. Vipuri vimejaa na fundi yeyote anaijua. Gia ni tano chini, tano juu. Bonyeza swichi ya range (inayohamisha kati ya gia za chini na za juu) ukiwa bado kwenye gia, kisha klachi, pitisha nyutro, ingiza. Range inahama ukipita nyutro tu. Ukishusha gia, achia klachi ukiwa nyutro, pandisha mizunguko ya injini kidogo, kanyaga tena, ingiza.

FundiGia: Na asishushe range akiwa kwenye kasi. Kuna giaboksi ya gia 10 imefunguliwa gereji: pete ya sinkromeshi (ya kulinganisha kasi kabla gia haijaingia) ya range imeungua, unga wa chuma umejaa kwenye oili, beringi zimeliwa. Chanzo ni oringi (pete ya mpira) ya silinda ya hewa inayohamisha range, iliyokuwa inavuja, hewa ikapungua nguvu, range ikaingia nusu, dereva akaendelea kulazimisha. Dalili ilikuwepo mapema, hewa ilifukuta kwenye tundu la kupumulia la giaboksi. Oringi ni kitu kidogo sana, hasara yake ni giaboksi nzima.

Mlima_Kitonga: Scania kuchelewa kuitika si ubovu. Tabo (turbo, ya kusukuma hewa kwenye injini) inahitaji muda kujaza hewa, na kompyuta hupunguza mafuta kila inapobadili gia. Akanyage taratibu. Kabla ya mlima Kitonga aweke manyo (achague gia mwenyewe), ashushe gia mbili mizunguko ikiwa bado juu ya 1,100. Akiiachia otomatiki inabadili katikati ya mlima, gari linapoteza mwendo. Na asilizuie gari mlimani kwa mafuta, klachi inaungua. Ashike breki.

TelaTatu: Kuteremka je? Wengi wanapiga free (wanaweka nyutro) kuokoa dizeli.

Mlima_Kitonga: Hakuna dizeli inayookolewa! Ukiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, pampu inakata dizeli. Free inakuachia breki za miguu peke yake, zikichemka hushiki kitu. Kama Scania hiyo ina retada (breki ya ziada ya kwenye giaboksi), ashuke na mizunguko 1,800 au zaidi. Retada inapeleka joto kwenye maji ya injini, na pampu ya maji ikizunguka polepole joto linapanda, retada inajipunguza yenyewe.

TelaTatu: Ndiyo maana nasema Howo. Eksozi breki (inayobana moshi wa injini) haina mambo ya maji.

FundiGia: Eksozi breki peke yake na tani 30 Kitonga? Labda ashuke na gia ya nne. Nyanda56, weka picha ya bati la difu, na uliza oili ya giaboksi ya hiyo Scania ilibadilishwa lini.

Nyanda56: Bati linakaa upande gani?