Mrejesho: Cherehani ya bibi sasa inanitii

Wapendwa, miezi miwili iliyopita niliwauliza kuhusu cherehani ya kukanyaga niliyoachiwa na bibi. Kila nikianza, gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Nilikuwa karibu kuiuza.

Dada mmoja alinishauri nitoe uzi kabisa, niweke sindano kuukuu (karatasi huifanya butu), nipitishe karatasi ya daftari nikifuata mistari. Nikafanya nusu saa kila usiku, watoto wakishalala. Wiki ya kwanza matundu yalipinda ovyo. Ya pili, miguu ikaanza kujua yenyewe: mkono unalivuta gurudumu kuja upande wangu, ndipo vidole na visigino vinapokezana. Mistari iliponyooka nikahamia kwenye duara, kisha nikatia uzi.

Mama mkwe, Mungu ambariki, kila asubuhi aliomba karatasi aione. Makosa hakuyagusa, alinionyesha mahali palipotulia, akasema, “Hapa mkono umekubali.” Kwa neno hilo nilikuwa nangoja usiku ufike.

Jana nimemaliza foronya 4. Kola bado inanishinda, najaribia kwenye kanga iliyochakaa. Asanteni sana, hasa wewe dada wa karatasi.