Naomba ushauri: mashine ipi ya gemu itamfaa mdogo wangu hapa Pemba?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Chake Chake, na nimedunduliza fedha ili nimnunulie mashine ya gemu mdogo wangu, ambaye kila Ijumaa baada ya sala hukaa na wenzake wanne wakipokezana padi moja iliyofungwa utepe. Wote hutumia PlayStation 4 na huazimana diski. PlayStation 5 yenye sehemu ya diski hucheza karibu diski zote za mashine hiyo, na kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko ubora wa picha. Tatizo ni bei. Xbox Series S, iliyotoka mwaka 2020, ni nafuu zaidi, lakini haina sehemu ya diski, kwa hiyo kila gemu lazima ipakuliwe, na gemu moja huweza kuzidi gigabaiti 50, nasi nyumbani tunategemea bando la simu. Nintendo Switch ina betri yake, nayo ingetufaa umeme unapokatika, ila mtaani kwetu sijamwona mwenye nayo.

Naomba aliyewahi kutumia Xbox kwa bando anieleze aliwezaje, na pia kama diski zilizokwishatumika hupatikana Darajani, Unguja.