Sindano za umeme au mazoezi ya viungo kwa mzee mwenye kiharusi? Pesa inatosha kimoja

Mtoto wa Mbagala:
Wakuu, naomba mawazo. Mzee wangu leo ana siku ya 12 tangu apate kiharusi. Picha ya CT ya kichwa ilionyesha mshipa umeziba, siyo kuvuja damu. Mguu wa kulia umeanza kuitika, mkono bado umelala kabisa. Hospitali wametupangia fiziotherapia, yaani mazoezi ya viungo, mara 3 kwa wiki. Sasa shemeji kaleta habari za kliniki ya sindano za Kichina zenye umeme: vikao 10, unalipa kabla. Tukilipa huko, nauli ya bajaji ya kumpeleka fizio haipo. Mngekuwa nyinyi?

Mama Nasra:
Pole mwanangu. Mama yangu tulimpeleka kwenye hizo sindano. Ni nyembamba kama unywele, wanachoma mkononi na chini ya goti, halafu wanazibana kwa vibanio vya waya vinavyotoka kwenye kiboksi. Kidole gumba kikaanza kudundadunda chenyewe! Siku ya kwanza nililia, nikajua mkono umepona. Mashine ikazimwa, kidole kimya. Sisemi hazikumfaa, ule ugumu wa kiwiko ulikuwa ukilegea siku mbili tatu. Lakini kushika kikombe alijifunza kwa kukishika kikombe, kila siku, kikianguka naokota.

Fizio wa Zamu:
Mama Nasra kagusa penyewe. Pale umeme ndio unachezesha msuli. Ubongo unajifunza mgonjwa anapojaribu mwenyewe. Mapitio ya 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 31 ya tiba ya sindano baada ya kiharusi, watu 2,257. Dalili za faida zilionekana, ila majaribio mengi yalikuwa na kasoro, kwa hiyo neno la uhakika halikupatikana. Mwongozo wa Marekani wa mwaka huohuo haupendekezi sindano kwa kurudisha kazi ya mkono.

Na mazoezi nayo hayataki pupa. Utafiti wa AVERT wa 2015, wagonjwa 2,104: kati ya walioinuliwa kitandani ndani ya saa 24 na kuzoezwa kwa wingi, waliojitegemea baada ya miezi 3 walikuwa wachache kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mzee wa siku 12 ameshavuka hapo. Ila jamani, msimnyanyue kwa kumvuta huo mkono uliolala, bega litachomoka.

Mpemba wa Bara:
Mbona mnaongea kama lazima uache kimoja? China mgonjwa hupewa vyote viwili wodini. Mie sioni ubaya.

Fizio wa Zamu:
Sibishi, mwenye nacho aongeze. Huyu mfuko wake ni mmoja. Halafu kabla ya sindano yoyote daktari wake ajue: mzee anatumia dawa kali ya kuzuia damu kuganda, kama warfarini? Ana betri ya moyo kifuani? Mwenye betri, umeme asahau.

Mtoto wa Mbagala:
Shikamoo Mama Nasra, na ahsanteni wote. Yuko kwenye aspirini na dawa ya presha, betri hana. Shemeji kanuna, lakini bajaji nimeshaongea naye: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Kikombe cha plastiki nimemwekea upande wa kulia. Jioni hii mkono umekisogeza mpaka ukingoni mwa meza, kikaanguka. Kaniambia nikiokote, nikirudishe palepale.